Yesu, Isa na aya za nusunusu

"Mwalimu, ni kweli Waislamu wanamwamini Yesu?" (Umoja)

Ndiyo. Nimelijibu hili hadi kalamu imechoka. Anayemkana Isa bin Maryam, Masihi na mtume, hana Uislamu. Kumwabudu ndiko wasikokubali. Atakayeniuliza tena nitamrudishia jibu hili hili.

"Sura ya 4 ya Qurani aya ya 171 inamwita Isa neno la Mungu na roho itokayo kwake. Si ndiyo Yohana 1:1 hiyo? Jirani yangu Mwislamu nilipomwonyesha alinyamaza." (Kayole)

Huenda alinyamaza kwa adabu. Juzi nilikuwa kiti cha nyuma kwenye matatu ya kutoka Eastleigh, kijana mmoja akimsomea mwenzake aya hiyo hiyo kwenye simu. Nikachungulia. Picha ilikuwa imekatwa juu na chini. Juu palipokatwa pameandikwa kwamba Masihi ni mtume tu wa Mungu; chini, msiseme "watatu", na Mungu ametakasika na kuwa na mwana. Yaani aya nzima inakataa kile ambacho kipande chake kilikuwa kinatumwa kuthibitisha!

Wafasiri wengi wa Kiislamu huelewa "neno" kuwa ile amri ya "Kuwa", Isa akawa tumboni bila baba, kama Adamu alivyoumbwa (3:59). Kwa Yohana, Neno alikuwako tangu mwanzo, naye alikuwa Mungu, kisha akafanyika mwili.

Nanyi Waislamu mnaochekelea, tulieni. Mihadhara yenu ya uwanjani haiishi kunukuu Yohana 14:28, "Baba ni mkuu kuliko mimi". Fungueni sura sita mbele: Tomaso anamwita "Bwana wangu na Mungu wangu", na Yesu hamkemei. Wakristo walishalipatia jibu suala hilo mwaka 451, kwenye mtaguso wa Kalkedonia, yaani mkutano mkuu wa maaskofu: nafsi moja, Mungu kweli na mtu kweli. Likatae ukitaka. Usiseme tu kwamba hawana jibu.

"Utatu wa Wakristo si Baba, Mama Maria na Mwana?" (Pumwani)

Sivyo. Ni Baba, Mwana na Roho Mtakatifu. Hata Mkatoliki anayesali rozari pale Basilika ya Familia Takatifu hamtii Maria humo. Na huyo Maryam unayemtaja kwa dharau ndiye mwanamke pekee aliyetajwa kwa jina ndani ya Qurani yako.

"Kama Isa hakusulubiwa, nani alisulubiwa?" (South C)

Qurani haimtaji mtu. Sura ya 4 aya ya 157 inasema hawakumuua wala hawakumsulubu, bali walifananishiwa, basi. Habari za Yuda kubadilishwa sura akasulubiwa badala yake ni maelezo yaliyokuja baadaye, na wanaozihubiri kwa vipaza sauti wangewaambia watu hivyo. Waislamu walio wengi huamini alipaishwa mbinguni akiwa hai, na atarudi kabla ya Kiyama. Waahmadiyya, jumuiya iliyoanzia India, ambao tafsiri yao ya Qurani kwa Kiswahili ilichapwa hapa Nairobi mwaka 1953, husema aliangikwa kweli, akashushwa hajafa, akaja kufia Kashmir. Waislamu wengine hawataki hata kulisikia hilo.

Kwa Mkristo, ukiondoa msalaba umeondoa kila kitu. Paulo mwenyewe anasema kama Kristo hakufufuka, kuhubiri ni bure (1 Wakorintho 15:14). Kwa hiyo wale viongozi wetu wanaosimama kwenye maombi ya pamoja na kutangaza kwamba "sote tunaamini kitu kimoja" wanatudanganya, japo kwa nia njema. Kwenye ploti niliyokulia tulikopeshana chumvi na makaa miaka yote, na hakuna aliyejifanya kwamba msikiti na kanisa vinasema sawa.

"Mimi ni Mwislamu. Naweza kula chapati za Krismasi kwa jirani?" (Kibra)

Hilo ni swali la sufuria. Muulize imamu wako.

"Nitumie aya kumi za kumnyamazisha shemeji yangu Mwislamu." (Rongai)

Sina. Wewe ni wa nne mwezi huu, na wawili kati yenu ni Waislamu wanaotaka za kuwanyamazisha mashemeji Wakristo. Soma Sura Maryam yote, aya 98, haimalizi kikombe cha chai. Shemeji naye asome Marko, sura 16 tu. Mkimaliza niandikieni pamoja, barua moja, mikono miwili.