Nikikubali watoe mashine ya figo, nitakuwa nimemuua mwanangu?

SWALI: Assalaam aleikum sheikh. Mimi ni mama, niko Eastleigh. Binti yetu ana miezi 7, alizaliwa figo zake hazikuumbika vizuri na mapafu pia hayakukomaa juu maji ya tumboni yalikuwa kidogo nikiwa na mimba. Tangu azaliwe hatujatoka hospitali. Wamemfanyia dayalisisi ya tumbo (kusafisha damu kupitia tumboni), ikaingia infekshen mara 4, sahii wameweka mpira shingoni anasafishwa damu na bado anapumulia mashine. Wiki jana madaktari wametuita wakasema hii dayalisisi haimfikishi popote, tufikirie kuisimamisha. Sasa shemeji yangu ameweka voisi kwenye grupu ya familia, ustadhi fulani anasema mzazi akikubali hivyo ni muuaji, watu wasiende hata jeneza lake, na kama ni pesa auze ploti. Mume wangu hasemi kitu. Mama yangu hajawahi hata kumbeba mjukuu wake. Na ukweli sheikh, wakati mwingine najiuliza kama ni mimi tu nimechoka.

JIBU: Waaleikum salaam warahmatullah. Mwanangu, hiyo voisi imenifikia na mimi, watu watatu tofauti wamenitumia, ndio maana nimeweka maswali mengine kando nikujibu wewe leo. Hapana, hujaua na hutakuwa umeua.

Huyo ustadhi amesoma aya ya Suratul Maida kuhusu anayeua nafsi moja kama ameua watu wote, akaishusha kichwani kwa mama aliyekaa miezi 7 kwenye kiti cha plastiki kando ya kitanda. Aya inazungumzia anayeua. Kuua ni kumfanyia mtu kitu kinachomuua. Mtoto anayekufa kwa figo na mapafu ambayo hayakuumbika amekufa kwa maradhi yake, na kusimamisha tiba isiyofaa tena ni mlango mwingine kabisa katika fiqhi, wanafunzi wa mwaka wa kwanza wanaujua. Sisi wa madhehebu ya Shafi tunasema kujitibu ni sunna, sio wajibu kwa kila hali. Ibn Taymiyya, mwanazuoni wa kale ambaye hao mashabiki wa voisi wanapenda sana kumtaja, ameandika kwamba hamjui hata mmoja katika waliotangulia aliyewajibisha dawa. Je wote hao walikuwa wauaji?

Alafu amesoma hadithi ya Usama bin Sharik, "jitibuni enyi waja wa Allah", akakata katikati. Hadithi inaendelea, kila ugonjwa umewekewa dawa isipokuwa mmoja, uzee. Yaani Mtume (s.a.w.) mwenyewe, akiwa anaamrisha dawa, amesema kuna mahali dawa haifiki. Ukikata hadithi nusu unaweza kumhukumu yeyote.

Kuna wenzangu wengine watakuliwaza na hadithi ya yule mwanamke mwenye kifafa aliyeambiwa akitaka asubiri apate pepo. Mimi sitaitumia hapa. Yule alikuwa mtu mzima, alijichagulia mwenyewe subira yake. Binti yako hawezi kuchagua, na wewe na babake hamna ruhusa ya kumchagulia subira kama kuna dawa ya kumfaa. Hapo ndipo wanazuoni wa Majmaa ya Fiqhi, baraza la kimataifa la sheria za Kiislamu, walipokaa Jeddah mwaka 1992 wakasema walii, yaani mlezi wake, akikataa kutoa idhini ya tiba, kukataa kwake hakuhesabiki ikiwa wazi kunamdhuru mtoto, na tiba inakuwa wajibu pale kuiacha kunaangamiza nafsi. Lakini hao hao wakasema ni nini kinachohesabika kama maradhi yasiyo na matumaini, hilo ni makadirio ya madaktari na uwezo wa tiba uliopo zama zile na mahali pale. Sio makadirio ya shemeji.

Kwa hivyo swali langu mimi ni moja, mashine inampeleka wapi huyu mtoto? Mtoto akiharisha na kutapika mpaka figo zikasimama, mara nyingi ukimsafisha siku kadhaa au wiki zinarudi kufanya kazi. Huyo baba yake akisema "tawakkul, tumwachie Mungu" anapata dhambi, nasema bila kuuma maneno, na asije mtu kunukuu jibu hili kwa mtoto kama huyo. Mwingine figo zimekufa lakini viungo vingine vizima, huyo dayalisisi inamvusha mpaka afike kama kilo 10 apandikizwe figo, ni safari ngumu lakini ina mwisho. Wako, mapafu yake hayatakubali hiyo operesheni, na kila kukicha ni sindano na infekshen nyingine. Daraja lipo, ng'ambo hakuna.

Mwaka 1962 huko Seattle, Marekani, mashine zilikuwa chache na kamati ya raia wa kawaida ikakaa kuchagua nani aunganishwe, na watoto hawakuhesabiwa kabisa. Wale walikuwa wanapima maisha ya nani yana faida. Wewe hujafanya hivyo. Thamani ya binti yako haijaguswa hata chembe, kinachopimwa ni kazi ya mpira ule shingoni.

Kuhusu kuchoka. Ningekuona muongo kama ungesema hujachoka. Hata SHA, bima ya afya ya serikali, ikilipa sehemu yake kuna dawa, kuna nauli, kuna wale wengine nyumbani. Qurani imekataza kuua watoto kwa kuogopa umaskini, kwa hivyo jiulize hivi: kesho mtu akilipa bili yote, madaktari watabadilisha maneno? Kama jibu ni hapana basi sio pesa, na hiyo ploti msiuze.

Kabla hamjasema ndio, ombeni daktari mwingine wa figo za watoto aangalie faili, na muamue wawili, wewe na babake. Mashine ikitolewa, maziwa kama anayapokea aendelee, dawa ya maumivu apewe hata kama ni mofini kwa kipimo cha daktari, abebwe. Jeneza lake ni fardhi kifaya, wajibu wa jamii, kama la Muislamu yeyote, na mimi nitakuja kulisali, huyo ustadhi abaki kwake.

Mume wako usimlazimishe kuongea. Mwambie Mtume (s.a.w.) aliletewa mtoto wa binti yake akiwa katika pumzi za mwisho, macho yakamtoka machozi, sahaba wake Saad akashangaa, Mtume akamwambia hii ni rehema. Akitaka aje baada ya Isha tukae tu, hata bila maneno.

Na leo jioni muulize nesi kama mama yako anaweza kuingia, hata dakika 10, apewe mjukuu wake mkononi na mipira yake hivyo hivyo.