Dawa za Kisukari kwa Mzee Aliyelazwa Hospitalini

SWALI: Mama yangu ana umri wa miaka 78 na kwa muda mrefu amekuwa akimeza glibenklamidi, kidonge cha kushusha sukari, bila tatizo lolote. Alilazwa kwa nimonia, na asubuhi ya pili tulimkuta ametota jasho, akitamka maneno yasiyoeleweka. Tulidhani amepata kiharusi, lakini alipopimwa, sukari yake ilikuwa 2.4. Inakuwaje dawa ile ile, kwa dozi ile ile, imdhuru akiwa mikononi mwa wauguzi?

JIBU: Pole sana kwa mshtuko huo. Ndugu wengi wa wagonjwa huhofia sukari kupanda, ilhali kwa mzee aliyelazwa hatari iliyo karibu zaidi mara nyingi ni sukari kushuka. Chini ya milimoli 3.9 kwa lita huhesabiwa kuwa imeshuka, na chini ya 3.0 ubongo huanza kukosa nishati unayoihitaji. Ndiyo maana dalili zake kwa wazee hufanana na kiharusi au na kuchanganyikiwa kwa uzeeni, na zikachelewa kutambuliwa.

Glibenklamidi huilazimisha kongosho kutoa insulini hata pale mgonjwa asipokula kitu. Ini linapoivunja dawa hiyo, mabaki yake huendelea kushusha sukari hadi yatolewe na figo. Nyumbani mama alikuwa akila vizuri na figo zake zikimudu kazi hiyo. Alipougua, hamu ya chakula ilipotea, homa ikampunguzia maji mwilini, na figo zikalegea huku vidonge vikiendelea kutolewa kama kawaida. Jambo lisilosemwa vya kutosha ni kwamba kipimo cha kreatinini, yaani taka ya misuli katika damu inayotumika kupimia kazi ya figo, chaweza kuonekana kizuri kwa mzee aliyekonda, kwa sababu misuli yake ni michache, kumbe figo zimekwisha kudhoofika. Zaidi ya hayo, baadhi ya dawa za kuua bakteria, zikiwemo kotrimoksazoli na siprofloksasini, huweza kuiongezea nguvu dawa ya namna hii. Orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani inaeleza wazi kuwa glibenklamidi haiwafai watu waliozidi umri wa miaka 60, nami naona inasikitisha kwamba wazee wengi bado wanaimeza kwa sababu tu hakuna aliyeipitia upya karatasi yao ya dawa.

Insulini nayo ina mtego wake. Mgonjwa huchomwa sindano ya kabla ya mlo, kisha chakula kikachelewa, au akala vijiko viwili akaacha, au akaamriwa kufunga kwa ajili ya upasuaji bila dozi kupunguzwa. Ninyi mnaokaa naye kitandani ndio mnaojua amekula kiasi gani; mwambieni muuguzi kabla ya sindano, si baada yake. Msimpe kwa siri vidonge alivyokuja navyo, bali mkabidhini daktari pakiti zote, pamoja na za shinikizo la damu, kwa kuwa dawa kama propranololi huweza kuficha kutetemeka na mapigo ya moyo kwenda mbio. Akibadilika ghafla, ombeni apimwe sukari papo hapo. Akiwa amepoteza fahamu, asilishwe wala kunyweshwa chochote. Atapewa glukosi kwenye mshipa. Na hata akizinduka, sukari iliyoshushwa na glibenklamidi huweza kuanguka tena baada ya saa kadhaa, hivyo anahitaji kuangaliwa kwa saa 24 au zaidi.

Mkiona kipimo cha 9 wodini, msidai aongezewe dawa. Kwa wagonjwa wengi waliolazwa, kiwango kinacholengwa ni kisichozidi 10.0.

SWALI: Baba yangu, mwenye umri wa miaka 81, alisimamishiwa metformini siku aliyolazwa. Je, hawamwachi na kisukari bila tiba?

JIBU: Hapana, kuna uwezekano mkubwa kwamba wanamlinda. Metformini ikitumika peke yake ni nadra kushusha sukari kupita kiasi, lakini figo zikidhoofika sana, au mwili ukipungukiwa na oksijeni kwa maambukizi makali, asidi ya laktiki huweza kulundikana katika damu. Dapagliflozini na empagliflozini, dawa nyingine za kisukari, nazo husimamishwa angalau siku 3 kabla ya upasuaji mkubwa, kwani huweza kusababisha asidi ya ketoni, inayotokana na mwili kuunguza mafuta, kulundikana katika damu hata sukari ikiwa karibu na kawaida. Kwa muda huo sukari yake itapimwa, na ikibidi atapewa insulini. Siku ya kuruhusiwa, ombeni maelezo kwa maandishi: ni dawa ipi inarudi, lini na kwa dozi gani, na ni ipi imeachwa moja kwa moja.