Usipeleke sambusa sinagogi

Mkuu, zima jiko kwanza, mengine tutaongea. Umeandika kwamba wakwe watarajiwa wamekualika sinagogi Ijumaa jioni, kila familia inakuja na chakula, na wewe umeshanunua nyama ya kusaga kwa Msomali, unakunja sambusa, maana "nyama ni halali, na halali na kosher ni mulemule." Na watu hapo juu wamekugongea laiki!

Si mulemule hata kidogo: kosher ni chakula kinachofuata sheria za Wayahudi. Maneno hayo hayo niliambiwa mimi na jamaa mmoja wa kazini, bingwa wa dini zote za dunia kwa sababu aliwahi kupiga picha Yerusalemu. Kila mchana anakula mkate wa bekoni, halafu eti ndiye mufti wangu wa mambo ya kosher. Na mimi na akili zangu timamu nikaingia mkenge. Popote alipo, akienda ukweni na apewe kiti kibovu.

Niko Minnesota, Marekani, nimeoa Myahudi, mwenyewe sijabadili dini na hakuna aliyewahi kunisumbua kwa hilo. Sinagogi letu ni la tawi la Conservative, yaani "wahafidhina". Jina lisikutishe: rabi wetu ni mwanamke, na tawi hilo linawapa wanawake urabi tangu 1985. Kuna Wayahudi weusi, kuna njia ya kiti cha magurudumu mpaka juu kwenye jukwaa la kusomea Torati, kuna vitabu vya sala vya maandishi makubwa kwa wazee. Tangazo lao linasema "njoo kama ulivyo". Mimi nikasoma: njoo na chochote ulichopika. Hapo ndipo nilipoyatimba.

Ilikuwa Ijumaa mchana, Februari. Nikajipeleka mapema, nikakuta jiko liko wazi na oveni inawaka. Ndani kulikuwa na mabakuli ya kauri yenye kugel, zile tambi za kuoka na jibini na mayai. Mlangoni pa oveni pana bandiko la bluu la herufi za Kiebrania. Nikadhani ni jina la fundi. Basi nikapanga sambusa zangu za ng'ombe kwenye waya wa juu, nikafunga mlango, nikaenda zangu kusalimia watu huku najisifu moyoni. Unajua sambusa ikipata moto inavyotema mafuta. Yalikuwa yanadondoka tone kwa tone juu ya jibini la watu.

Mama anayesimamia jiko alifungua oveni, akasimama na glavu yake mkononi, hasemi kitu. Kisha akaniuliza kwa upole, "Hii ni nyama?" Nikamjibu kifua mbele, "Ng'ombe, mama. Halali kabisa." Akaizima oveni, akaenda kumwita rabi.

Sasa sikiliza, maana hapa ndipo penye gharama. Bandiko lile lilisema: maziwa. Jiko zima ni la maziwa. Nyama na maziwa havikutani, hata kama nyama yenyewe ni kosher. Torati inakataza mara tatu kumtokosa mwana-mbuzi katika maziwa ya mama yake (Kutoka 23:19 na 34:26, Kumbukumbu la Torati 14:21), na marabi wakajenga juu ya hapo habari nzima ya kutenga vyombo. Na nyama yangu wala haikuwa kosher. Mchinjaji wao ni Myahudi aliyesomea kazi hiyo, mapafu ya mnyama yanakaguliwa, nyama inalowekwa na kupigwa chumvi itoke damu. Ndiyo, Waislamu wengi wanakubali kula nyama ya kosher, ni chakula cha Watu wa Kitabu. Lakini hiyo ni barabara ya kwenda tu, kurudi hakuna. Mufti wa bekoni alijua nusu ya kwanza, nusu ya pili akajitungia.

Kugel yote ikaenda jalalani. Mabakuli nayo, kwa sababu kauri ikishanyonya haitakasiki kwa sheria zao. Oveni ilitakiwa isuguliwe, ikae saa 24 bila kutumika, ndipo iwashwe moto wa mwisho ijiunguze. Tatizo, Ijumaa jua likizama Sabato imeingia, hakuna kupika wala kuwasha moto, na chakula cha moto cha Jumamosi lazima kiwe kimeshaingia ovenini kabla ya hapo. Na Jumamosi hiyo kulikuwa na bat mitzvah, sherehe ya binti kufikia umri wa kushika dini. Binti wa watu kahangaika na Kiebrania miezi na miezi ili asome Torati mbele ya wakubwa, bibi yake kapanda ndege kutoka mbali, ukumbi umejaa wageni, wanakula saladi, samaki wa moshi na mkate uliopoa. Na baridi ya Minnesota ile! Nilitamani ardhi ipasuke inimeze, ila ilikuwa imeganda.

Mabakuli mapya nililipa mimi. Nilitaka nilipie na chakula, mama zake binti (ana mama wawili) wakakataa katakata, wakaniketisha meza moja na bibi mtu, ambaye akataka kujua sambusa zilikuwa na pilipili kiasi gani. Wangenifokea ningepata nafuu.

Kwa hiyo shika hili tu: hakuna chakula cha jikoni kwako kinachovuka mlango wa sinagogi kabla hujaongea na mtu wa jikoni. Si mkweo, si tovuti yao. Mtu wa jikoni. Mkweo anaweza kuwa hajawahi hata kuchemsha maji mle ndani. Kila sinagogi lina utaratibu wake: mengine, hasa ya tawi la Reform, lile lililolegeza zaidi, yanaweza kukataza nguruwe na kamba tu yakaishia hapo, mengine hayapokei chochote kilichopikwa nyumbani, hata nyumbani kwa mwanachama. Bashasha za watu mlangoni hazikuambii uko wapi kati ya hayo. Watu wanakaribishwa, sufuria inaulizwa kwanza. Ukikosa wa kumuuliza, peleka matunda mazima, yasiyokatwa. Au kitu cha pakiti chenye alama, ile herufi U ndani ya duara. Ikiwa na D pembeni kinahesabiwa ni cha maziwa.

Na kama mkono unakuwasha, omba ukapike kwao, kwa vyombo vyao, na vitu vilivyopita ukaguzi. Siku hizi ndivyo ninavyofanya. Sisi watu wa pwani tuna bahati tusiyoijua: tui la nazi si nyama wala si maziwa kwa hesabu zao, kwa hiyo maharage ya nazi yanaingia jiko lolote. Kopo la tui mpe kwanza mama wa jiko aone alama. Mara ya kwanza alilikagua mbele na nyuma, kisha akanikagua na mimi.

Halafu mlangoni utakuta mlinzi mwenye silaha, usishtuke. Tangu watu 11 wauawe sinagogi la Tree of Life kule Pittsburgh, Oktoba 2018, ulinzi wa hivyo huku umekuwa jambo la kawaida. Wenyeji wako wapeleke jina lako mapema. Sasa jione mwenyewe unamkaribia huyo mlinzi usiku na furushi la foili linalofuka moshi.

Uliuliza pia sadaka? Sabato hawashiki pesa, kikapu hakipiti. Mavazi, vaa vya heshima, kofia yangu ya Kizanzibari inapita bila maswali. Sijui uliuliza nini tena, watoto? Nitaupitia uzi nikitoka kazini. Namba ya mtu wa jikoni unayo? Usinijibu hapa, mpigie kwanza.