Chenji Juu ya Friji

Tulihamia Dodoma 2017, mwaka mmoja baada ya serikali kutangaza kwamba safari hii inahama kweli. Mimi ndiye niliyehamishwa kikazi, mke wangu akanifuata. "Akanifuata." Neno hilo nililitumia miaka bila kulisikia. Dar alikuwa na cherehani mbili, fremu ya kupanga na wateja wake. Dodoma, mtaa wa Nkuhungu, alianza na mtoto mgongoni, hamjui hata jirani.

Sijawahi kumpiga, wala kumnyima hela ya matumizi. Basi nikajihesabu mume mwema.

Jioni moja alirudi kutoka soko la Majengo. Akatoa nyanya, dagaa na mlenda mkavu, kisha akafungua fundo la kanga na kupanga chenji juu ya friji: noti ya elfu mbili, halafu sarafu za mia mia, moja moja, huku akitaja bei ya kila kitu. Sikuwa nimemuuliza. Nikamwambia, "Mama, hakuna haja." Akajibu bila kuniangalia: "Siku ile uliniuliza elfu tano imeenda wapi, baba."

Siku ile ilikuwa imepita zaidi ya mwaka. Mimi nilishasahau kabisa. Yeye alikuwa akienda nayo sokoni kila siku.

Nikaanza kukumbuka mengine. Kiwanja cha Nala nilikinunua kwa jina langu peke yangu, nilipomuuliza alisema, "Utakavyoona wewe." Nilidhani amekubali. Sasa najua ni jibu la mtu aliyekwisha kupima atalala wapi ukikasirika. Wewe mwenye mshahara, ukilisikia jibu hilo nyumbani kwako usilipokee kama ridhaa. Ngoja siku mbili, uliza tena, na umwambie mapema kwamba akikataa hakitabadilika kitu. Kisha kweli kisibadilike, hata uso wako. (Na dada wa kazi je? Kwangu ndiye aliyekuwa akila wa mwisho, na sote wawili hatukuliona hilo.)

Sheria ipo. Sheria ya Ndoa ya 1971 inamkataza mwanandoa kuuza nyumba ya ndoa au kuiweka rehani bila ridhaa ya mwenzake, na 1983 Mahakama ya Rufani, katika shauri la Bi Hawa Mohamed, ilikubali kwamba kazi za nyumbani ni mchango katika kuchuma mali. Kila mke aliyeacha kazi yake ili kumfuata mumewe aijue. Lakini watu hufika mahakamani ndoa ikiwa imekwisha vunjika, na ile chenji ilikuwa juu ya friji tukiwa tunapendana.

Tulichofanya sisi ni kidogo. Mshahara ukiingia, fungu lake naliingiza kwenye simu yake na siulizi limekwendaje. Hati ya kiwanja sasa ina majina mawili. Cherehani moja tulimrudishia. Chenji aliendelea kuipanga kwa miezi mingi, na mimi nilijifunza kunyamaza, maana kumwambia aache ilikuwa amri nyingine tu.

Mwezi uliopita nilitaka tuuze kile kiwanja. Akasema, "Hapana." Iliniuma, siwezi kuficha. Nikamuuliza sababu, akavuta kigoda, akaongea mpaka chai ikapoa.