Nguruwe mzima wa kipaimara, na bampa iliyobonyea

Habari za Masasi, kaka. Umeuliza namna ya kumkoleza viungo nguruwe wa kilo 40 wa kukausha kwa moshi, kwa ajili ya kipaimara cha binti, na kama bampa iliyobonyea inanyooka bila kwenda gereji.

Kabla ya viungo vyote, mkaguzi wa nyama amwone. Tegu si jambo la kubahatisha.

Kazi yote iko ndani. Ngozi ya nguruwe haipitishi chumvi vizuri, kwa hiyo mlaze chali, chanja mapaja na mabega kwa ndani mpaka karibu na mfupa. Chumvi gramu 400 hadi 500 inatosha. Changanya na vitunguu saumu, tangawizi na pilipili manga, usugue ndani ya kila mchanjo. Ndimu weka asubuhi, tena kidogo, maana ikilala nayo usiku kucha nyama inalegea vibaya. Na alale kwenye barafu, joto letu la kusini unalijua.

Kuni tafuta mpera mkavu. Maganda ya korosho, hata kama yamejaa uani, usiyachome hapo kabisa: mafuta yake yanaunguza ngozi na moshi wake unawasha. Moto uwe wa taratibu, saa 10 au zaidi. Kipimajoto kikichomwa pajani, karibu na mfupa, kisome angalau nyuzi 71.

Bampa ya plastiki imwagie maji ya moto, sukuma kwa ndani, kisha maji baridi. Ya bati mpelekee fundi.