Hela yako, namba yako ya siri

Wiki hii maswali yamekuwa mengi nimechukua manne tu, mengine subirini. Najibu kama mtu anayetembelea magongo hapahapa Mwanza, mimi sio mtu wa benki.

Shikamoo dada. Mimi sioni, nauza karanga stendi ya Nyegezi. Hela za kwenye simu huwa ananitolea mpwa wangu kwa wakala, namba ya siri anaijua. Salio linapungua kila siku, nikiuliza anasema makato.

Marahaba mdogo wangu. Makato yapo kweli ila makato hayana miguu ya kukufuata kila siku, yanakuja ukitoa au ukituma na meseji inaingia inasema umetoa ngapi, umekatwa ngapi, imebaki ngapi. Sa mtafute mtu mwingine, sio mpwa, akusomee meseji za wiki moja tu utajua kila kitu. Halafu kama simu yako ni smatifoni ya Android ndani yake kuna kitu kinaitwa TalkBack, hakiuzwi, mtu akuwashie kwenye setingi, kinakusomea kila unachogusa. Vaa hedifoni sikioni maana kinaweza kutamka na namba zako pale stendi wote wakasikia. Siku kadhaa utachanganyikiwa, usikate tamaa, ukishazoea badilisha namba ya siri mwenyewe na usiweke mwaka wako wa kuzaliwa. Wakala haihitaji namba yako ya siri hata siku moja, akikuomba ondoka.

Hela ya mkononi wengi mnaijua hii ila narudia, noti zetu hazilingani urefu, elfu kumi ndo ndefu kuliko zote zinashuka mpaka buku. Zipokee moja moja, kila aina ikunje kivyake, elfu tano mara mbili, elfu mbili mara moja, unavyotaka wewe.

Na huyo mpwa usimfukuze. Ulishawahi kumlipa? Anakushika mkono kila siku bure, mtu wa hivyo anaishia kujilipa mwenyewe kimyakimya. Mpe chake mkononi, mkubaliane kiasi, simu ibaki mfukoni kwako.

Nina ulemavu wa mguu, naishi Mabatini kule juu, nauza vitenge Makoroboi. Biashara inaenda lakini mwisho wa mwezi sioni faida. Tatizo ni nini?

Tatizo mamy ni bajaji, nakuapia bila hata kuona daftari lako. Wenzako wanashuka yale mawe kwa miguu wanadaka daladala, wewe unabebwa kutoka mlangoni. Tuseme elfu tatu kwenda elfu tatu kurudi, siku 26 za kazi, hiyo ni 156,000 na hujala. Mimi nilikaa miaka naandika mtaji na mauzo tu, bajaji nailipa kwenye hela ya chakula halafu najiona mvivu, kumbe nafanya biashara na gharama ambayo jirani yangu wa meza hana. Iandike. Kiandike na kipira cha gongo kinapoisha, na yule kijana anayekubebea mzigo. Ukishaona namba ndo uamue, labda upatane na dereva mmoja kwa mwezi mzima (wengi wanashusha bei wakiwa na uhakika), labda mzigo ulale stoo mjini na wewe uende siku nne badala ya sita, labda uhamie chini hata kama kodi imezidi kidogo. Kodi ikizidi elfu 50 na bajaji ikapungua laki, umepata elfu 50 bila kuuza kitenge hata kimoja.

Kuna mama ananiambia aniingize kwenye kikundi cha mkopo wa halmashauri wa walemavu, nisaini tu atanipa laki. Ni sawa?

Hapana. Ule mkopo unatoka kwenye asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, 4 wanawake, 4 vijana, 2 sisi, na hauna riba. Ulisimamishwa 2023 ukarudi 2024. Huyo mama anataka jina lako na ulemavu wako, hela atakula yeye, deni litaandikwa kwako. Nenda mwenyewe kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata yako umuulize masharti ya sasahivi. Na usikimbilie kausha damu, ile mikopo ya haraka yenye riba ya kukumaliza, eti halmashauri wanachelewa, Novemba 2024 Benki Kuu ilitaja aplikesheni na majukwaa 69 yanayokopesha bila leseni, angalia usije ukawa umeshapakua mojawapo.

Mimi nina ualbino, nipo Ukerewe naanika dagaa za watu. Hela yote inaishia kwenye mafuta ya ngozi na hospitali. Nipangeje bajeti?

Mdogo wangu hapa bajeti sio ya kwanza. Kuanika dagaa ni kushinda juani, yaani unauza ngozi yako kwa bei ya kibarua. Mafuta ya kuzuia jua usiyapunguze hata hela ikate, na ulizia kliniki ya ngozi kuhusu Kilisun, yale yanayotengenezwa hospitali ya KCMC Moshi kwa ajili yetu watu wa ualbino, sorry, yenu. Ila baki kwenye dagaa, badilisha kazi tu, wewe unazijua dagaa safi na zenye mchanga, nunua debe moja kavu kaa kivulini uchambue, ufungashe pakti ndogondogo upeleke Nansio au uvushe Mwanza. Na pigia hesabu mwezi, giza ndo dagaa zinavuliwa, mbalamwezi ikiwaka mitumbwi inalala na bei inapanda, kwahiyo nunua na uweke akiba kipindi cha giza, uza mbalamwezi. Mafuta ya mwezi mzima yanunue kwenye hela ya mauzo ya mbalamwezi, siku ileile, kabla wifi hajapiga simu.