Mizizi iko salama, jina lako ndilo limeisha muda

Tovuti ya nyumba yetu ya wageni imepotea tangu Jumamosi. Fundi anasema seva za mizizi za dunia zina hitilafu, tuvute subira. Tusubiri mpaka lini? (Mama wa Sakina, Arusha)

Msisubiri, mama. Mizizi ni seva zinazoonyesha pa kuanzia kutafuta jina la tovuti, na hitilafu yake ingegusa majina ya dunia nzima, si la kwenu peke yake. Nimelitazama jina la tovuti yenu kwenye kumbukumbu za usajili, ambazo kila mtu anaweza kuzisoma: muda wake umekwisha, halikulipiwa. Na aliyeandikishwa kama mwenye jina ni huyohuyo fundi.

Kazi ya mzizi ni ndogo kuliko watu wanavyodhani. Mgeni akiandika jina lenu, kompyuta ya mtoa huduma wake humuulizia. Kama haijui pa kuanzia, huuliza mzizi, na mzizi hujibu neno moja tu: waulize wanaotunza .tz, ule mkia wa majina ya Tanzania. Haujui nyumba yenu iko wapi. Watunzaji wa .tz ndio wanaotaja seva za jina lenu, na hizo seva ndizo zenye anwani ya tovuti. Zaidi ya hapo, jibu la mzizi kuhusu .tz huhifadhiwa siku 2 kabla ya kuulizwa upya, kwa hiyo wageni wenu wengi hufika bila mzizi kuguswa kabisa. Jina lisipolipiwa, mnyororo hukatikia hapo kwa .tz.

Hili naliandika kila mara na bado barua zinakuja: jina la biashara lisajiliwe kwa jina la biashara, nywila ikae kwa mwenye mali. Na barua pepe ya usajili isiwe ile inayotumia jina hilohilo. Jina likifa, barua pepe hufa nalo, na maonyo ya kulipia hayatawafikia. Leo hii mtakeni fundi awarudishie usajili kwa maandishi. Akizungusha, nendeni kwa wakala aliyesajili jina hilo mkiwa na cheti cha biashara na risiti zenu.

Mwalimu katufundisha kwamba intaneti nzima inategemea kompyuta 13. Ni kweli? (Mwanafunzi, Majengo, Moshi)

Hapana. Ni anwani 13 za seva za mizizi, zenye herufi A mpaka M, zinazoendeshwa na taasisi 12 kwa kuwa kampuni ya Verisign inazo mbili, A na J. Nyuma ya kila anwani kuna mashine nyingi zilizotawanywa duniani, na swali lako hupelekwa kwa ile ambayo njia za mtandao zinaiona karibu. Zote kwa pamoja zimepita 1,500, na nakala nyingine ziko Dar es Salaam. Idadi ya 13 ilitokana na udogo wa ujumbe wa zamani, baiti 512, ambamo orodha nzima ya anwani hizo ilipaswa kuenea. Tarehe 21 Oktoba 2002 anwani zote 13 zilishambuliwa kwa wakati mmoja, kwa muda wa saa moja hivi, na watumiaji wengi hawakuhisi kitu. Mwonyeshe mwalimu wako, kwa adabu.

Marekani wakikasirika wanaweza kuifuta Tanzania kwenye intaneti? (Msomaji, Usa River)

Hofu yako ina msingi, maana waendeshaji wengi wa mizizi ni Wamarekani. Walio nje ni wa Uswidi, Uholanzi na Japani. Lakini orodha yenyewe ya mikia kama .tz husimamiwa na ICANN, shirika linaloratibu majina ya intaneti, na mkataba wake na serikali ya Marekani uliisha mwaka 2016. Mwaka 2022 Ukraine iliomba .ru ya Urusi iondolewe, ICANN ikakataa, vita vikiwa vimepamba moto. Mimi naona walifanya sawa. Mzizi ukianza kuadhibu nchi moja, hakuna nchi itakayouamini tena, na kila mkubwa atajijengea wake.

Mei 2024 mtandao ulipokufa, si mizizi ilikatika? (Wakala wa utalii, Kijenge)

Kilichokatika ni nyaya za baharini, EASSy na SEACOM, tarehe 12 Mei. Mizizi haikuwa na kosa. Ila swali lako linagusa jambo linaloniuma. Kampuni ya Arusha, wateja wake wa Arusha, halafu tovuti iko Ulaya na seva zake zote mbili za majina ziko Ulaya, kwenye jengo moja. Waya ukikatika, mteja wa Njiro hawezi kukufikia wewe uliye Kijenge, wakati Arusha tuna kituo chetu cha kubadilishana data, AIXP, kilichowekwa ili mawasiliano ya hapa yabaki hapa. Nakala ya mzizi iliyoko nchini haikusaidii kitu kama hatua ya mwisho ya safari iko ng'ambo. Weka angalau seva moja ya majina ndani ya nchi, na nyingine mbali nayo, kwa mtoa huduma mwingine. Kama wateja wako ni Wajerumani, tovuti ikae huko, sina ugomvi.

Nikiweka 8.8.8.8 kwenye simu nitapata bando la bure? (Wengi mno)

Hapana. Hiyo ni seva ya Google ya kuulizia majina, haigusi salio lako. Na anayekuuzia "mipangilio ya DNS", yaani ya huo mfumo wa kuulizia majina, kwa elfu tano mkimbie: seva ya majina ya mtu usiyemjua inaweza kukupeleka kwenye benki ya uongo huku jina uliloandika likiwa sahihi.

Nichukue .com au .co.tz? (Muuza kahawa, Moshi)

Chukua zote mbili, na zote ziandikwe kwa jina la biashara yako. Ukiwa na pesa ya moja tu, .co.tz: watunzaji wake wako hapahapa nchini.